Kinga ya kuugua ipo, ila bei yake ni kubwa

“Si nilishaugua? Chanjo ya nini tena?” Swali hilo lilivuma wakati wa Uviko-19, na bado wazazi huliuliza hata kuhusu magonjwa ya watoto. Jibu zuri lilipatikana Afrika Kusini.

Mwishoni mwa mwaka 2021, watafiti walipima damu za watu 7,010 katika jimbo la Gauteng, lenye miji ya Johannesburg na Pretoria. Waliochanjwa hawakufika hata mmoja katika kila watano. Hata hivyo, asilimia 73 ya wote walikutwa na kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukishakutana na kirusi au chanjo. Upimaji ukiwa bado unaendelea, Omicron ikaingia. Maambukizi yalipanda kwa kasi ya kutisha, lakini waliolazwa na waliofariki hawakuongezeka kwa kiwango kile cha mawimbi ya nyuma.

Basi kuugua kunatosha? Wengi huishia hapo. Kabla ya Omicron nchi hiyo ilishapitia mawimbi matatu, na kwa hesabu za Baraza lake la Utafiti wa Tiba, vifo vya ziada vilishavuka 250,000. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa.

Hong Kong ilikuwa kinyume chake. Hadi mwisho wa 2021 ilikuwa imezika watu 213 tu kwa Uviko-19, kwa sababu mipaka ilibanwa na wachache sana waliambukizwa. Chanjo zilikuwepo, ila wazee wengi wa miaka 80 na zaidi hawakuchanjwa. Omicron ilipofika, zaidi ya watu 9,000 walifariki ndani ya miezi michache, wengi wao wazee hao. Hawakuwa na kinga ya kuugua wala ya sindano.

Kingamwili hupungua kadiri miezi inavyopita, lakini chembe za kumbukumbu hubaki. Ndiyo maana mtu huambukizwa tena bila kufikia kuwekewa oksijeni. Aliyeugua kisha akachanjwa huwa na kinga imara kuliko mwenye moja pekee. Kule Gauteng, asilimia 93 ya waliochanjwa walikuwa na kingamwili. Kwa wasiochanjwa ilikuwa 68.

Kwa watoto, bei ya kuugua ni kali zaidi kwenye surua. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wasiochanjwa nchini Uholanzi, ulionyesha kuwa surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Chanjo haifanyi hivyo.

Nchini Tanzania chanjo ya surua-rubela hutolewa mtoto akifikisha miezi 9, kisha miezi 18, na mtoto aliyewahi kuugua surua naye apelekwe. Kichanga wa miezi mitano bado hajafikia zamu yake. Kinachomlinda kwa sasa ni kaka na dada zake waliokwisha kuchanjwa.