Askari wa Damu na Mizizi ya Nywele

Labda siku moja ulishika kichwa chako, ukaona pahali pamoja hapana nywele. Ni pa mviringo kama sarafu, ngozi ni laini, hapaumi. Majirani wanasema umerogwa. Usigombane na mtu bado, soma kwanza.

Kila unywele hukaa ndani ya kishimo kidogo katika ngozi. Hukua miaka 2 hata 6, kisha kishimo hupumzika kama miezi 3, unywele huanguka, na mwingine huota pale pale. Ni kama shamba linalolazwa, halafu likalimwa tena.

Katika damu yako mna askari, ndio chembe nyeupe. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Lakini kwa watu wengine hudhani mzizi wa unywele ni adui. Huuzunguka kama siafu, na unywele huanguka. Si uchafu, wala si ulozi, wala ugonjwa huu hauambukizi. Mke wako aweza kutumia kitana chako.

Wako pia askari ambao kazi yao ni kutuliza wenzao. Mwaka 2017 wataalamu wa San Francisco, Marekani, waliwaondoa hao katika ngozi ya panya waliokwisha kunyolewa. Manyoya hayakuota tena. Hivyo ilijulikana kwamba askari hao ndio pia wanaoamsha kishimo kilicholala.

Tena, askari wanaokosea hawakiui kishimo. Pahali pakiwa padogo, mara nyingi nywele hurudi zenyewe katika mwaka mmoja, pengine nyeupe kwanza. Bali ukipaka majani makali au maji ya betri, ngozi huungua na kuwa kovu, na kishimo hufa kabisa. Hapo hata mganga hana la kufanya.

Hospitalini mganga aweza kupiga sindano ndogo katika ngozi ya pahali pale, ili askari watulie. Tangu 2022 viko na vidonge kwa wale waliopotewa na nywele nyingi, lakini ni vya bei kubwa, na hutuliza askari wa mwili mzima. Kwa hiyo hutafutwa kwanza kama mgonjwa ana kifua kikuu.

Lakini mtoto akiwa na mabaka ya magamba yanayowasha, na nywele zimekatika, hicho ni choa cha kichwa. Hicho chaambukiza, nacho kina dawa ya kumeza. Mlete upesi, na watoto wengine wasinyolewe kwa wembe wake.