Tununue Sauti, Tusinunue Wati

Atokaye Unguja kwenda Mbulu huacha minazi na joto la pwani, akapanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka nyanda za juu, ambako usiku wa mwezi wa Julai hutaka blanketi mbili. Nyumba za Wairaqw zimetawanyika juu ya matuta, kila moja na shamba lake. Nyaya za umeme zimezifikia nyumba nyingi, wala hazijazifikia zote. Na juu ya mapaa ya baadhi ya zile zilizobaki yanang'aa mabamba ya umeme wa jua.

Katika nyumba moja ya namna hiyo, si mbali na mji wa Mbulu, tulikaribishwa chai na mwalimu mstaafu. Mzee huyo ana bamba moja na betri moja ya volti 12, ya amperi-saa 50. Mwanawe aliyeko mjini alikuwa amemletea amplifaya mpya na spika zake mbili ndogo, na sanduku lake lilijigamba kwa herufi kubwa kuwa mna wati 1,000 ndani yake. Tulisikiliza taarifa ya habari, kisha, kwa heshima ya wageni wa visiwani, nyimbo za taarabu. Lakini haikutimia saa tatu za usiku ila taa ya sebuleni ikaanza kufifia. Mama mwenye nyumba akasema kwa upole: "Mzee wangu, chagua moja, muziki au taa. Mjukuu ana mtihani kesho."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika leo. Hatuoni kwa nini nyumba ya Mtanzania ichaguzwe baina ya elimu na burudani, ilhali kosa halikuwa la jua wala la betri. Kosa lilikuwa katika kununua wati mahali pa kununua sauti.

Tufanye hesabu kidogo. Betri ya volti 12 na amperi-saa 50 huweka wati-saa 600, na kwa betri ya risasi si vema kutumia zaidi ya nusu, yaani 300. Amplifaya ambayo kweli ingetoa wati 1,000 mfululizo ingeimaliza akiba hiyo kwa dakika 18, hata kama isingepoteza chochote kwa joto. Basi namba ile juu ya sanduku ilikuwa pambo tu. Na wahenga walikwisha kutuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Namba ya maana zaidi aghalabu haiandikwi kwa herufi kubwa. Nayo ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Watengenezaji huipa spika wati 1, kisha hupima sauti yake kwa umbali wa mita 1. Spika nyingi za nyumbani za siku hizi hutoa desibeli baina ya 84 na 90. Hizo tuziite nzito. Zile nyepesi kuitika hutoa 95 hadi 100, na spika za honi, kama zile tuzijuazo juu ya minara ya misikiti yetu, hupita 105. Kila desibeli 10 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha umeme mara 10. Maana yake ni kwamba spika ya desibeli 98 hufanya kwa wati 1 kazi ile ile ambayo spika ya 88 huifanya kwa wati 10.

Wazee wetu wa redio waliijua siri hii kwa sababu walilazimika kuijua. Katika zama za vali, vile vichupa vya kioo vinavyowaka wekundu ndani ya redio, kila wati ilikuwa ghali. Kwa hiyo mafundi walijitahidi upande wa spika: koni pana ya karatasi nyepesi, sumaku yenye nguvu, sanduku kubwa la mbao. Mwaka 1946 Mmarekani Paul Klipsch alianza kuuza spika ya honi ya kukaa pembeni mwa chumba, ambayo hujaza nyumba kwa wati chache tu. Ndipo ikaja transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, na baada ya miaka mingi ikazifanya wati kuwa rahisi. Kuanzia mwaka 1954 Edgar Villchur naye alionyesha kwamba sanduku dogo lililozibwa laweza kutoa sauti nzito nzuri, mradi lilishwe umeme mwingi zaidi. Watu wa miji yenye umeme tele wakazipenda spika ndogo, na ulimwengu ukasahau zile nyepesi.

Lakini katika nyumba ya umeme wa jua, wati imerudi kuwa ghali kama ilivyokuwa zama za vali. Hapo ndipo hekima ya zamani inapopata kazi mpya.

Je, aliye na spika nyepesi aifunge kwa amplifaya gani? Yako mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni ulaji wa umeme. Amplifaya ya vali ina sauti laini inayopendwa na wengi, na wati zake 5 au 8 zinatosha kabisa kwa spika nyepesi. Hata hivyo vali hupashwa moto muda wote, iwe muziki unalia au umenyamaza. Chombo kidogo cha namna hiyo chaweza kula wati 60, na betri ya mwalimu wetu ingekikimu kwa saa 5 tu. Amplifaya ndogo ya transista ya daraja la D, inayofungwa moja kwa moja kwenye volti 12, kwa usikilizaji wa kawaida yaweza kula wati 5, na betri hiyo hiyo ikaikimu kwa saa 60. Basi vali ni ya mwenye umeme wa uhakika.

La pili ni usafi wa wati ya kwanza. Spika nyepesi haifichi aibu. Mvumo mdogo wa amplifaya, ambao spika nzito ingeumeza, hapa husikika kama mvua ya mbali. Aghalabu twasikiliza kwa chini ya wati 1. Kwa hiyo amplifaya ya wati 10 iliyo safi ni bora kuliko ya wati 200 inayochafua ile ya kwanza.

La tatu ni omu, yaani ukinzani wa spika. Amplifaya ya vali huwa na vituo vya omu 4, 8 na 16. Waya ufungwe panapostahili, na chombo hicho kisiwashwe kamwe bila spika. Ya transista nayo isifungwe spika yenye omu pungufu ya kiwango kilichoandikwa nyuma yake.

Sisi wa visiwani tusidhani kuwa haya ni ya watu wa milimani peke yao. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na tarehe 10 Desemba 2009 giza likarudi, lisiondoke mpaka Machi 2010. Waya mpya wa baharini ulipatikana mwaka 2013, lakini aliyepitia siku zile anajua thamani ya redio inayosikika kwa umeme kidogo.

Kwa hiyo tunatoa rai mbili kwa wenye dhamana. Shirika la Viwango la Bara na Taasisi ya Viwango ya Zanzibar zihimize kila sanduku la spika liandikwe desibeli zake, na kila amplifaya wati zake za kweli za mfululizo. Nao maofisa wanaonunulia shule, zahanati, vijiji na shehia vyombo vya sauti waulize desibeli kwanza, ndipo waulize wati. Fedha ya umma isinunue namba za mapambo.

Turudi Mbulu. Pembeni mwa sebule ya mwalimu lilikuwepo sanduku la redio ya vali, limefunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa picha za harusi. Vali zake zilikufa zamani, lakini spika yake pana ilikuwa nzima. Siku ya pili kijana fundi alikuja, akapima omu zake, akaifunga kwa amplifaya ndogo ya volti 12 yenye ukubwa wa kiberiti. Usiku huo taarabu ilijaa chumba, na mezani mjukuu akaendelea na hesabu zake chini ya taa isiyofifia.