Dawa ya Jicho na Amana ya Majaribio



Kuna maradhi ya uzeeni ambayo hula katikati ya uoni. Mzee hutazama ukurasa, akaziona pembe zake zote, lakini neno lenyewe analotaka kulisoma limefunikwa na kiza. Sisi tuliotumia umri wetu mbele ya kitabu twajua uzito wa msiba huo. Basi mtu aliyepatwa nao akisikia dawa imepatikana, hutaka kuikimbilia. Hapo ndipo pa kutulia.

Mwezi wa Februari 2023, idara ya dawa ya Marekani iliruhusu dawa iitwayo pegcetacoplan, kwa namna ya maradhi hayo ambayo chembe za retina, utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru, hufa kidogo kidogo. Imeundwa kwa peptidi, yaani minyororo mifupi ya vitu vile vile vijengavyo protini. Hudungwa ndani ya jicho, ili kuizuia kinga ya mwili isizishambulie chembe hizo.

Kwanza ilijaribiwa kwa watu 1,258, katika majaribio mawili ya miaka miwili. Baadhi yao walifanyiwa mfano wa sindano tu, bila kutobolewa jicho, ili ulinganisho uwe wa haki. Ikabainika kwamba dawa hupunguza mwendo wa maradhi, lakini hairudishi uoni uliopotea. Tena, katika kila 100 waliodungwa kila mwezi, kama 12 waliota mishipa mibaya ya damu jichoni. Kwa wasiodungwa walikuwa 3.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule, dawa ilipokwisha kuenea, chama cha mabingwa wa retina wa Marekani kilitoa onyo: wagonjwa wachache walipatwa na uvimbe wa mishipa ya retina, dhara liwezalo kupofusha. Katika majaribio yale mawili halikuonekana. Je, wajaribu walidanganya? La. Dhara limpatalo mtu mmoja katika maelfu mengi laweza lisitokee kabisa kwa watu 1,258. Ukichota kibaba kimoja cha mchele usione jiwe, hujathibitisha kuwa gunia zima ni safi.

Onyo hilo likaandikwa katika maelezo ya dawa. Ulaya nayo, mwaka 2024, ikakataa kuiruhusu, kwa kuwa haikuona faida ya kutosha katika maisha ya mgonjwa ya kila siku. Ushahidi mmoja, hukumu mbili.

Basi tujue kwamba majaribio hayaishi siku ya ruhusa. Yapasa mgonjwa aulize: imejaribiwa kwa watu wangapi, kwa muda gani, na imewadhuru vipi? Na aliyedungwa akiona wekundu, maumivu au kiza, asione haya wala asingoje kesho. Amrudie daktari mara moja. Habari yake ni amana: yaweza kuliokoa jicho lake, na la mwenzake asiyemjua.