Ratiba ya Ligi Yamchosha Shabiki

Hebu tumfikirie shabiki wa Gor Mahia atokaye Kisumu. Amekopa nauli, akasafiri usiku kucha kuja Nairobi kutazama pambano la Mashemeji dhidi ya AFC Leopards. Afikapo, aambiwa mechi imeahirishwa, ati uwanja una shughuli nyingine. Nani atamrudishia nauli yake?

Ni kweli Nyayo na Kasarani vilifungwa ili vikarabatiwe kabla ya michuano ya CHAN ya 2025. Lakini ukarabati huo haukuzuka kwa usiku mmoja! Kutangaza mabadiliko wiki mbili mapema hakuhitaji fedha. Kwahitaji kumheshimu mlipa kiingilio. Na mechi za Jumatano saa tisa alasiri, ndugu msomaji, hupangiwa nani, hali wafanyakazi wamo kazini?