Kanseri ya korodani ikirudi: namna seli za mgonjwa mwenyewe zinamuokoa

Kanseri ya korodani, yaani makende, haingojei uzee. Inapiga zaidi vijana wa kati ya miaka 15 na 40, wakati mtu anaanza kazi ao bado ana watoto wadogo. Wengi wanapona kwa madawa ya kwanza. Kwa wengine ugonjwa unarudi, na familia inabaki inajiuliza kama yote imeisha. Jibu ni hapana. Kuna matibabu mengine. Ni mazito, ni ya bei kali, lakini yanaweza kuponya kabisa.

Ni kanseri ya namna gani?

Inaanza ndani ya seli za uzazi. Juu ya hiyo, mara nyingi inatokea kwenye korodani. Inaweza pia kutokea kwenye ovari ya mwanamke ao ndani ya kifua, katikati ya mapafu. Ikisafiri, inaenda kwenye matezi ya ndani ya tumbo, kwenye mapafu, na wakati mwingine kwenye ini ao ubongo.

Mara nyingi labo inaweza kuifuata ndani ya damu, sababu inaacha alama. Mbili kati yazo zinaitwa AFP na beta-HCG. Hiyo ya pili ndiyo ileile ambayo kipimo cha mimba kinatafuta kwa mwanamke. Alama zikianza kupanda tena kiisha matibabu, munganga anashuku kwamba ugonjwa umerudi, hata kama mgonjwa bado anajisikia muzuri.

Dawa ya kwanza

Mbele ya miaka ya 1970, kanseri hii ikishasambaa mwilini, wachache sana walipona. Mwaka wa 1974, huko Indianapolis, Marekani, munganga Lawrence Einhorn alimpa mwanafunzi mmoja, John Cleland, mchanganyiko wa madawa wenye dawa mpya, sisplatini. Cleland alipona na akaishi zaidi ya miaka 40 kiisha hapo.

Leo, katika inchi zenye matibabu kamili, zaidi ya wagonjwa 90 kwa 100 wa kanseri ya korodani wanapona. Kama ugonjwa umesambaa, mara nyingi wanapewa sisplatini, etoposidi na bleomisini, raundi tatu ao ine, kila raundi siku 21.

Ikirudi, sababu gani wasiongeze tu kipimo?

Wanganga waliwaza hivyo: kama kipimo cha kawaida kimeacha seli mbaya hai, kipimo kikubwa zaidi kinaweza kuzimaliza. Shida ni uboho, ule ulio ndani ya mifupa, ambamo damu inatengenezwa. Dawa ikizidi, uboho unakufa. Bila uboho, mtu hana kinga, hana damu mpya, na akitoka damu haikauki.

Ndiyo sababu wanachukua kwanza seli shina, yaani mbegu za damu, wanaziweka pembeni. Mkulima hafanyi tofauti: mbele ya kuchoma shamba lililojaa magugu, anaweka mbegu nyumbani.

Hapa watu wengi wanachanganya. Seli zile haziponyeshi kanseri. Dawa kali ndiyo inaua kanseri. Seli zinamuokoa mgonjwa na ile dawa. Tena hakuna ndugu anayeombwa kutoa kitu, sababu seli ni za mgonjwa mwenyewe.

Inapita hivi

Kwanza, mgonjwa anapigwa sindano kwa siku kadhaa ili seli shina zitoke ndani ya mifupa na kuingia ndani ya damu. Kiisha anaunganishwa na mashine. Damu inatoka, mashine inachuja seli shina, damu inayobaki inarudi mwilini. Seli zinagandishwa kwa baridi kali sana ya nitrojeni.

Kisha anapewa karboplatini na etoposidi, kipimo kikubwa, kwa siku chache. Dawa ikishatoka mwilini, seli zake zinarudishwa kwenye mshipa, sawa vile mtu anaongezewa damu. Hakuna kupasuliwa. Seli zenyewe zinatafuta njia ya kurudi ndani ya mifupa, na kiisha karibu wiki mbili zinaanza kutoa damu mpya. Akishapata nguvu, wanarudilia yote mara ya pili, ao hata ya tatu.

Zile wiki mbili ndizo za hatari. Kinywa kinajaa vidonda, kula ni shida, homa ndogo inaweza kuua. Kiisha matibabu, masikio ao mafigo yanaweza kubaki na kasoro, na kuzaa kunaweza kuwa kugumu. Ndiyo maana kijana anashauriwa kuhifadhi mbegu za uzazi mbele ya kuanza dawa.

Wangapi wanapona?

Mwaka wa 2007, kundi la Einhorn lilitangaza matokeo ya wagonjwa 184 wa kanseri ya korodani iliyorudi ao iliyokataa dawa. Kati yao, 116 walibaki bila ugonjwa. Watatu walikufa juu ya dawa yenyewe, na wengine watatu walipata kanseri ya damu baadaye.

Kuna tofauti ya kuangalia. Kwa wale 135 waliopata matibabu haya mara tu ugonjwa uliporudi, 94 walibaki bila ugonjwa. Kwa 49 waliochelewa, wakiwa wameshajaribu madawa mengine mara mbili ao zaidi, ni 22 tu.

Wanganga hawakubaliani wote kama kila mgonjwa apewe kipimo kikubwa mara ya kwanza ugonjwa ukirudi. Uchunguzi unaoitwa TIGER ulianzishwa mwaka wa 2015 Ulaya na Marekani ili kulinganisha njia hizo mbili.

Na huku mashariki?

Matibabu haya yanaomba mashine ya kuchuja seli, tangi la nitrojeni, chumba safi, damu ya kuongeza kila saa, na umeme usiokatika. Kwa mkaaji wa Kivu ao Ituri, maana yake ni safari ya inje ya inchi na pesa ambazo familia nyingi hazina.

Kwa hiyo nafasi kubwa ya kupona iko mwanzoni. Kivimbe kigumu kwenye korodani, hata kisichouma, siyo cha kungojea wala cha kuficha kwa haya. Wengi wanafikiri ni hernia ao busha. Ekografi inaonyesha tofauti. Kama wanganga wanashuku kanseri, korodani inatolewa kwa kupasua kwenye kinena. Kuchoma ao kupasua mfuko wenyewe kunaweza kusambaza ugonjwa. Mtoto ambaye korodani yake haijashuka apelekwe hospitali mapema, sababu hatari yake ni kubwa zaidi.

Na aliyeanza dawa azimalize, kwa tarehe alizopewa. Kuruka raundi juu ya kujisikia muzuri ni kuipa kanseri nafasi ya kurudi.