Picha ya mwaka 1844 iliyoingia kwenye grupu letu la familia

Wiki iliyopita mkwe wangu alituma picha kwenye grupu letu la familia. Mwanamke amekaa mezani, ameinamia karatasi zake, anaandika, hana habari na dunia. Nyuma yake mtoto mdogo ametumbukia kwenye beseni la kuogea, kichwa chini miguu juu. Chini ya picha mtu alishaongeza maneno ya Kiswahili: "Mama yuko masomoni, msimsumbue."

Jamaa wa Muscat, wa Dubai, wa Mombasa, wote wakamwaga vile vikaragosi vya kucheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka, sitasema uongo.

Aliyekaa kimya ni binti yangu. Ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na usiku mtoto akishalala anafungua kompyuta kusomea diploma. Na aliyetuma picha ni mumewe.

Nilipoitazama mara ya pili nikaitambua. Niliiona miaka ya sabini, nikiwa mwanafunzi wa sekondari ya misheni. Sista aliyetufundisha Kifaransa alikuwa na kitabu kikubwa cha michoro ya kejeli ya kwao. Akitufungulia kurasa moja moja, na nyingine akizifunika kwa kiganja. Sisi wasichana tukinong'onezana: huyu hajaolewa, mambo ya mke na mume yanamchekesha nini?

Mchoraji ni Honoré Daumier, mzaliwa wa Marseille mwaka 1808. Picha hiyo ni ya mwaka 1844, moja katika mfululizo wa picha 40 uitwao Les Bas-bleus, yaani "soksi za buluu". Hilo lilikuwa jina la kejeli kwa wanawake waliothubutu kusoma sana na kuandika vitabu. Picha zilitoka katika gazeti la Paris liitwalo Le Charivari. Hata jina la gazeti ni la mambo ya ndoa. Zamani huko Ufaransa mzee akioa kigoli, au mjane akiolewa tena, vijana walikwenda usiku chini ya dirisha lao wakagonga masufuria na kupiga makelele ili kuwafedhehesha. Fujo hiyo ndiyo charivari.

Daumier hakuanza na ndoa, alianza na mfalme. Mwenye gazeti, Charles Philipon, alimchora Mfalme Louis-Philippe kichwa kikageuka pea, lile tunda, na Paris nzima ikacheka. Daumier naye mwaka 1831 akamchora mfalme kama jitu linalomeza mali ya wananchi. Mwaka uliofuata akatiwa jela kwa ajili ya picha hiyo. Mwaka 1835 mfalme aliponusurika kuuawa, serikali ikatoa sheria kali: hakuna picha ya kuchapishwa bila kibali. Basi wachoraji wakaacha kasri, wakaingia majumbani mwa watu. Mfalme ana askari, lakini mke anayeandika usiku ana nani?

Kazi yenyewe ilikuwa ya ustadi. Mchoraji alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosawazishwa. Jiwe likiloweshwa maji, wino ulikataa penye maji ukashika penye mafuta tu, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake. Jiwe moja lilitoa nakala nyingi sana. Na asiyekuwa na pesa ya gazeti alikwenda kusimama kwenye dirisha la duka la Aubert, lililoendeshwa na dada yake Philipon na mumewe. Picha mpya zilibandikwa pale, watu wakasongamana kuzitazama na kucheka pamoja. Hilo ndilo lilikuwa grupu lao.

Tuseme haki: waume nao hawakusalimika. Katika mfululizo wake wa mambo ya ndoa, Daumier amemchora mke na mume wa miezi sita tu, wote wawili wanapiga miayo. Hapo kila mwenye ndoa hucheka, maana anacheka nyumba yake mwenyewe.

Lakini katika soksi za buluu kicheko kimeelemea upande mmoja, na sikuliona hilo mpaka nilipokuwa mwalimu wa historia. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilisema mke ni lazima amtii mumewe. Mke hakuweza kuuza wala kununua mali bila idhini yake. Talaka ilifutwa mwaka 1816, ikarudi mwaka 1884. Miaka 68! Sisi tuliozoea kusikia talaka, khului na fasakhi, hebu tufikirie hilo. Kilichobaki ni kutengana kwa amri ya mahakama, kama alivyotengana na mumewe mwandishi George Sand mwaka 1836, lakini bila ruhusa ya kuolewa tena. Huyo naye alikuwa mwanamke, akiandika kwa jina la kiume.

Mwaka 1848 wanawake walipodai talaka irudishwe, Daumier akawachora na wao, katika mfululizo ulioitwa Les Divorceuses, wadai talaka. Kwenye picha hizo wanaonekana watu wa kelele tu. Msomaji akacheka, akakunja gazeti. Haki yenyewe ilikuja Daumier ameshakufa miaka mitano.

Simwiti mtu mbaya. Maneno ya chini ya picha zake mara nyingi yaliandikwa na watu wengine wa gazetini. Na huyu huyu Daumier baadaye alichora kwa rangi mwanamke dobi wa mto Seine. Anapanda ngazi na mzigo wa nguo mkononi, na mkono wa pili amemshika mtoto wake ili asiteleze. Hapo hamna mzaha hata chembe. Kumbe alijua kuwa mama anaweza kufanya kazi na mtoto asimtoke mkononi.

Basi nikarudi kwenye simu. Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, na najua kumgombeza mtu mbele ya wenzake hakumfunzi kitu, huleta ukaidi tu. Sikuandika kwenye grupu. Nilimwandikia mkwe wangu faraghani:

"Baba, ile picha uliyotuma ina miaka zaidi ya mia na themanini. Nimeitazama vizuri. Mama namwona, mtoto namwona. Baba wa mtoto yuko wapi?"

Akajibu upesi, na kikaragosi cha kucheka: "Kazini, mama."

Nikamwandikia: "Na huyo mezani, yuko wapi?"

Alama mbili zikageuka buluu: amesoma. Kimya. Alasiri ikapita, magharibi ikapita. Nikaanza kujuta, maana mkwe si mwanafunzi, na nyumba yao si darasa langu.

Baada ya isha simu ikalia mlio wa ujumbe. Hakueleza, hakujitetea. Aliandika neno moja tu:

"Shikamoo."

Na mimi nikamjibu marahaba. Nilipoingia kwenye grupu, picha ilikuwa imeshafutwa. Pamebaki ule mstari unaosema ujumbe umefutwa, na shangazi yake wa Dubai anauliza chini yake: "Kulikuwa na nini hapa? Mbona sikuwahi?"