Kigezo Kisichotaja Kabila: Ubaguzi wa Makazi na Hadhi ya Mfugaji katika Eneo la Msata

Ubaguzi wa makazi nchini Tanzania umejengwa, kwa sehemu kubwa, kwa sheria zisizotaja rangi wala kabila. Dar es Salaam ya Waingereza inalithibitisha jambo hili. Masharti ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa ya mwaka 1922 yaliitaka serikali iwape haki sawa raia wa nchi wanachama, na India ilikuwa mwanachama. Kwa sababu hiyo kanuni za mji zilitaja aina ya jengo tu: kanda ya kwanza kwa nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili kwa maduka na makazi, ya tatu, iliyojumuisha Kariakoo, kwa nyumba za kienyeji. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Asiyemudu gharama ya jengo lililotakiwa alijua pa kukaa bila kuulizwa asili yake.

Mantiki hiyo inafafanua pia hali ya Msata, njiapanda ambapo barabara itokayo Bagamoyo hukutana na ile ya Chalinze kwenda Segera. Hapo Wakwere, Wadoe na Wazigua huhesabiwa kuwa wenyeji. Waparakuyo, wafugaji wasemao Kimaasai ambao Peter Rigby aliwaandikia kitabu mwaka 1985, huitwa wahamiaji ingawa wameishi magharibi ya Bagamoyo kwa vizazi kadhaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiwabagui. Inamruhusu hata asiye mkazi kuomba hakimiliki ya kimila; ila halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Maana yake ni kwamba ombi la mfugaji huamuliwa na wakulima wanaogombea naye maji na ardhi ileile. Lililokuwa kazi ya saruji mjini, huku hufanywa na neno “mwanakijiji”.

Mindu Tulieni, kijiji cha wafugaji upande wa Lugoba, kinaonyesha ugumu wa suala hili. Kuwa na kijiji chao kuliwapa Waparakuyo halmashauri na mkutano wao wenyewe, kinga ambayo wafugaji waliotawanyika katika vijiji vya wakulima hawana. Kinga hiyo, hata hivyo, huishia mpakani: aliyezaliwa humo, akitaka kiwanja katika kijiji cha jirani, huomba kama mgeni.